Nilibadilisha Jina Tu

Wanangu mnaoingia sasa katika kazi ya anketi, hii ya kukusanya majibu ya watu, mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyokuwa nikifanya kazi, kwa kuwa mmesikia kwamba Mama Rejina alitembea na maswali yake Kalemie nzima, akafika Zongwe, akafika Kabalo, akiwauliza watu waliowahi kuugua akili kama wamepona. Ni kweli, nilitembea. Viatu vingi vilikufa katika kazi hiyo. Ila mkiniona nainama watu wanaponisifu, msidhani ni unyenyekevu. Ni aibu, na sababu yake nitawaambia.

Mradi wetu ulisaidia vituo vya afya vya mitaani. Tulitaka mtu aliyechanganyikiwa asifungwe kamba nyumbani wala asipelekwe mbali na watu wake. Atibiwe karibu, kisha aingie katika kikundi cha wenzake wanaokaa pamoja kila wiki na kuongea. Mimi sikutibu mtu. Kazi yangu ilikuwa kurudi baada ya miezi kadhaa na fishi, karatasi ya maswali, kuuliza, kuandika, na kupeleka majibu biro, ofisini kwetu, ili ijulikane kama dawa na vikundi vinasaidia watu kweli au tunajidanganya.

Mwanzoni nilikuwa mjinga kabisa. Maswali yalikuja kwa Kifaransa, tukayageuza kwa Kiswahili mezani, bila kutoka nje. Moja lilisema: "Je, umepoteza ladha ya mambo uliyoyapenda?" Nilimuuliza hivyo mzee mmoja mvuvi kule Zongwe. Akanitazama kwa huruma.

"Ladha? Weye uliza ule bibi. Chumvi anaificha sawa dawa."

Mke wake akajibu kutoka jikoni: "Daktari njo alikataza chumvi! Unataka ufe, watu waseme mimi njo nimekuua?"

Waligombana mpaka mtumbwi wetu wa mota ukaanza kuniita. Nikatia alama kwenye "ndiyo", nikaondoka. Kwa hiyo Zongwe kuna mzee aliyehesabiwa mwenye huzuni kwa ajili ya mboga yake.

Nilipomsimulia Papa Mukalay, alicheka mpaka akavua miwani. Papa Mukalay alikuwa muuguzi wa siku nyingi na ndiye aliyenifundisha kazi. Akafuta miwani, akaivaa, na kicheko kikaisha.

"Rejina, swali ambalo haujauliza mama yako, usilipeleke kwa mama ya muntu."

Tangu siku hiyo kila fishi mpya niliipeleka kwanza kwa mama yangu mzazi. Asipoelewa, naigeuza tena. Asipopenda swali, alikuwa anasema wazi, "Hili ni tusi." Nendeni mkafanye hivyo hivyo. Hakuna mafunzo ya hoteli yatakayowapa mwalimu kama huyo.

Papa Mukalay alinifundisha pia kukaa. Mkipewa kiti na mwenye nyumba yuko kwenye mkeka, kaeni mkekani. Usianze na moyo wa mtu, anza na jana alipika nini, maana mwenye kusema "sikumbuki" hapo ameshajibu maswali yako matatu. Na ukitaka kujua kama dawa inamtetemesha mvuvi, usimuulize, atakuambia hapana. Muombe akuonyeshe anavyoshona wavu, kisha tazama sindano.

Siku moja huko Kabalo nilimuuliza mwanamke mmoja alijua lini kwamba amepona. Kwenye fishi kulikuwa na mahali pa kuandika tarehe ya kumaliza dawa. Yeye akasema: "Siku jirani alinikopesha kisu." Wakati wa ugonjwa wake hakuna aliyekubali ashike kisu, mihogo yake ilimenywa na watu wengine. Sikuwa na mahali pa kuandika jibu hilo. Nikaliandika pembeni ya ukurasa, na Papa Mukalay akaniambia pembeni ndipo penye ukweli.

Somo hilo la pembeni nililipenda kupita kiasi, na ndilo lililoniharibu.

Ng'ambo ya Lukuga aliishi mama mmoja nitakayemwita Sifa. Alikuwa akiuza ndagala, yaani dagaa, waliokaushwa. Mume wake alifanya kazi kwenye treni ya mizigo, akilala nyumbani siku chache na siku nyingi Kabalo au Kongolo. Walikuwa na mapasa, watoto pacha, Kyungu na Kabange, kama mapasa wote wa kwetu wanavyoitwa, basi mtaani hakuna aliyemwita Sifa. Aliitwa Mama Mapasa. Baada ya kujifungua alishikwa na ugonjwa: hakulala, alisikia sauti, aliongea na ukuta. Akatibiwa kwenye kituo, akaingia kikundini, na nilipomfikia alikuwa ameshakuwa yeye anayewafariji wageni wa kikundi. Tulimaliza fishi vizuri. Nikatia daftari na kalamu kwenye saki yangu ya begani, nikashika njia ya mlango.

"Mama Rejina," akasema, "umeshafunga kaye?"

"Nimefunga."

"Na stilo?"

"Iko mu saki."

Akarudi kukaa. Nami nikakaa.

"Ile siku nilienda ku maji na Kabange, haikukuwa ya kumuogesha. Sauti ilikuwa inaniambia mutoto ako na moto mu mwili, nimuzimishe. Nikaingia. Maji ikafika hapa." Akagusa mfupa wa bega. "Njo mutoto akakohoa. Kukohoa tu. Nikaona ni mutoto wangu. Nikarudi naye. Bamama benye kufula banacheka, banasema, Mama Mapasa, unaogesha mutoto na kikwembe yako yote? Na mimi nikacheka. Sijaambia muntu. Hata baba yao hajui."

Katika miaka yangu yote hakuna aliyenipa neno zito namna hiyo. Nilimshika mikono, tukalia wote wawili. Kisha nilifika nyumbani, jua bado liko juu, na kabla sijavua kitambaa cha kichwa nikaandika yote.

Alikuwa ametia sahihi karatasi ya ruhusa, ndiyo. Lakini sahihi ile ilikuwa ya maswali ya kwenye fishi. Maneno haya aliyasema baada ya kuhakikisha kwa mdomo wake kwamba stilo haiko tena mkononi mwangu. Nililijua hilo wakati ninaandika. Sitaki mseme Mama Rejina alipitiwa.

Mkubwa wa mradi alikuwa amesema hesabu peke yake hazigusi wageni wanaotoa fedha, raporo, ripoti ya mradi, inataka habari ya mtu. Na mimi nilitaka nafasi ya kuongoza wenzangu wa anketi. Nilijiambia kwamba habari ya Sifa itasaidia akina mama wengine. Nilijiambia pia kwamba itanisaidia mimi, ila hilo nililisema kwa sauti ndogo.

Papa Mukalay alisoma kurasa zile kabla sijazipeleka.

"Mwenyewe ameisoma?"

"Nimebadilisha jina, Papa. Nimemuita Mama Furaha."

"Jina si muntu," akasema, akanirudishia.

Nilikasirika. Nikajisemea mzee wa watu anajua sindano, raporo haijui.

Mkutano wa kurudisha matokeo ulifanyika katika sali, ukumbi wa paroasi moja. Walikuwepo wageni wa mradi, wakubwa wa mitaa, wachungaji, wauguzi, na akina mama wengi wa makanisa. Sifa hakuwepo. Asubuhi ile alikuwa ziwani kununua ndagala. Nikasimama na raporo yangu nikasoma habari ya Mama Furaha, muuza ndagala wa ng'ambo ya Lukuga, mama wa mapasa, mume wake mtu wa treni.

Mnaona wenyewe nilichobadilisha.

Nilisoma vizuri, wanangu. Nilisoma kwa kupumzika mahali pa kupumzika. Nilipofika kwenye maji yanayopanda kifuani, sali ikawa kimya, nami nikadhani nimewagusa. Mama mmoja wa mstari wa tatu akasimama, akafunga kikwembe chake upya kiunoni, akatoka. Nilimfahamu kwa uso: dada ya mume wa Sifa, shangazi wa wale watoto. Nyuma mtu akanong'ona, "Si njo Mama Mapasa?" Niliendelea kusoma. Nilisoma mpaka mtoto anakohoa, mama anarudi, mama anatibiwa, mama anasaidia wenzake. Wageni wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kama mtu anayeshukuru.

Siku ya nne mume wa Sifa alikuja biro. Alikuwa ametoka treni moja kwa moja, vumbi bado liko kwenye koti lake. Papa Mapasa ni mtu mpole, hakupiga kelele. Alikataa kiti.

"Mama Rejina, dada yangu ameleta maneno. Anasema uliyasoma weye."

Akaendelea kabla sijajibu.

"Niambie tu kama si yeye. Sema ni Mama Furaha wa ng'ambo ingine, ako na mapasa yake mwenyewe. Ukisema hivyo nitaamini. Nitaenda kwa dada yangu, nitamwambia anyamaze, na itaisha."

Kwa maneno hayo alinifungulia mlango mwenyewe, akaushika kwa mikono miwili. Nilichopaswa kufanya kilikuwa kupita tu. Au ningesema: sina ruhusa ya kusema ni nani, Papa, wala si nani. Hata hilo lingetosha. Lakini katika chumba cha pili mkubwa wa mradi alikuwa amekaa na mgeni mmoja, mlango wa kati uko wazi, wanazungumza kuhusu raporo yangu. Nikawaza: nikisema si kweli, watasikia kwamba nimetunga.

Nikasema: "Kila kilichoandikwa mule tulikihakikisha."

Akaitikia kwa kichwa mara mbili.

"Aksanti, Mama," akasema, akaenda.

Hiyo aksanti naisikia mpaka leo.

Wiki ile shangazi aliwachukua mapasa, akapanda nao treni mpaka Kongolo kwa mama ya mume. Sifa aliwafuata hadi stesheni bila viatu. Walionisimulia walisema hakulia wala hakupigana. Alisimama akawafunga vifungo vya mashati. Baada ya hapo hakuonekana tena kikundini, na kwenye fishi ya mwezi ule mwenzangu akaandika "ameacha kuhudhuria, sababu haijulikani".

Sababu nilikuwa ninaijua mimi. Na mnajua nilifanya nini? Niliomba kupelekwa Kabalo. Nikakaa huko miezi, nikifanya kazi kama mtu mwenye bidii. Niliporudi Kalemie nilizunguka njia ndefu ili nisipite karibu na wauza ndagala. Kila tulipokutana, Papa Mukalay aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulishafika kwake?" Nami nilisema bado. Mara ya tatu au ya nne hakuuliza. Alinisalimia kwa heshima, kama unavyomsalimia mtu usiyemjua. Hiyo ndiyo ilinivunja.

Nikaenda. Nilimkuta kwenye mchanga akigeuza ndagala kwa kifagio kidogo. Alikuwa amekonda. Hakuacha kugeuza.

"Unakuja kuandika?"

"Hapana."

"Sasa unakuja kufanya nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yote yalinikimbia. Nikasema, "Mama Sifa, nilikukosea. Ulinipa neno wakati kaye imefungwa. Nililijua. Nikalisoma mbele ya watu juu ya kujitafutia nafasi."

Akageuza safu nzima kabla ya kujibu.

"Bwana yangu anasema alikuomba useme si mimi."

"Aliniomba."

"Na weye ukakataa."

"Nilikataa."

Hapo ndipo akasimama wima.

"Basi usinipigie magoti hapa ku mchanga. Hapa hakuna muntu ya kukusikia. Twende Kongolo."

Tukaenda. Treni ilituacha Kabalo siku mbili tukingojea nyingine, tukalala kwa binamu wa mume wake, mkeka mmoja, migongo ikitazamana. Alinigawia chakula chake kila mara, maana ndivyo alivyolelewa. 

Koko wa mapasa, nyanya yao, mama mzee wa Kongolo, alikuwa anamenya karanga uani. Watoto walimwona mama yao wakasimama mbali kidogo. Kyungu alijificha nyuma ya Koko. Mimi nikajitambulisha, nikasema mimi ndiye niliyesoma habari ile, kwamba sikuwa na haki ya kuisoma, kwamba niliiba neno la siri.

"Nasikia," Koko akasema. "Lakini nakuuliza, mama. Habari ilikuwa uongo?"

Nikakwama. Nikisema ndiyo, ninamdanganya mzee. Nikisema hapana, ninammaliza Sifa mara ya pili. Nikamtazama Sifa, nami ndiye niliyekuja kumsaidia.

Akasema mwenyewe. "Haikukuwa uongo, mama. Nilikuwa mugonjwa. Niliingia ku maji, na nilirudi na mutoto."

Koko akamenya karanga kadhaa. Kisha akanigeukia.

"Weye mwenye kuandika, uliandika pia kama alirudi?"

"Niliandika, Koko. Kule mwisho."

"Binti yangu hakufika kule mwisho. Alisimama ukiwa bado umemuacha muke ya kaka yake ndani ya maji."



Msidhani Koko alifungua mikono tukaimba. Alimruhusu Sifa akae pale mpaka karanga zivunwe, ili amtazame kwa macho yake. Mimi nilirudi peke yangu. Baada ya mavuno Sifa alirudi Kalemie na Kabange. Kyungu alibaki: ameshaingia shule, ameshazoea, Koko ameshazoea. Yuko huko hadi sasa, anakuja likizo, anamwita mama yake "Mama" kwa adabu kama anavyowaita akina mama wote. Papa Mapasa, aliyekuwa ameacha kulala nyumbani, alirudi pia. Hamtukani mke wake. Ila Sifa akienda ziwani, Kabange hubaki kwa shangazi. Hakuna aliyetangaza sheria hiyo, na hakuna anayeivunja.

Hiyo nafasi ya kuongoza nilipewa. Nataka mlijue na hilo.

Kabla sijastaafu, mradi ulitaka tuwarudie watu wote wa zamani mara ya mwisho. Sasa tulikuwa na tablete za kubonyeza badala ya karatasi, ambazo ninyi mnazipenda. Zinazuia makosa mengi, lakini hazina pembeni. Kila swali lina namba: sifuri maana yake jambo hilo halikusumbui hata kidogo, tatu maana yake linakusumbua kila siku. Jina la Sifa likatokea kwenye orodha. Nikampangia mwenzangu. Sifa akamrudisha mlangoni: "Aje yeye mwenyewe."

Nikaja, nikakaa kwenye mkeka. Nikamwambia anaweza kukataa, hakuna kitakachompata.

"Uliza tu."

"Usingizi?"

"Sifuri."

Macho yake yalikuwa mekundu, na chini yake kumevimba. Jirani alikuwa ameniambia njiani kwamba anamsikia akitembeatembea nyumbani mpaka jogoo awike.

"Mama Sifa, macho yako—"

"Andika sifuri."

"Woga?"

"Sifuri."

"Sauti? Mawazo ya kukuumiza?"

"Sifuri. Sifuri." Hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayemfafanulia mgeni njia. "Mama Rejina, kila kintu nilikupatia kilinirudilia mu midomo ya batu. Sifuri hairudi."

Nikabonyeza sifuri mpaka mwisho. Biro, yule wa kompyuta aliniita nione: katika mtaa mzima hakuna aliyepona vizuri kama yule mama. Nikamwomba amtoe kwenye hesabu. Akauliza sababu. Sababu haikuwa yangu kuitoa, nikamwambia aandike kwamba mwulizaji ndiye mwenye kasoro. Alicheka, akadhani ni mzaha wa mtu anayestaafu.

Sasa mtajiuliza: Mama Rejina, na hapa si unafanya yaleyale? Ndiyo maana wiki iliyopita nilivuka Lukuga na kurasa hizi, nikamsomea zote, neno kwa neno, sauti ya kawaida, bila kupumzika mahali pa kupumzika. Jina Sifa amelichagua yeye. Kuhusu mapasa, alisema niwaache walivyo, watu wanajua tayari, afadhali safari hii wafike mwisho. Mambo mawili aliniambia niyatoe, nimeyatoa, na msije mkaniuliza. Papa Mapasa alikuwepo, akisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

Nilipomaliza, Sifa alinyoosha kidole kwenye kurasa. Kisha akasema, "Pale pa usingizi, si kweli."

"Unataka nipafute?"

"Hapana. Chukua stilo."

Nikaitoa kwenye saki. Akangoja nipate ukurasa ule wa usingizi.

"Tatu," akasema. "Andika tatu."